Jino la Susu

Mwende mwanangu,

Mambo ya sanduku, sabuni na godoro mamako ameyamaliza, na akiyarudia mara moja tena mimi ndiye nitakayehama kabla yako. Sitakuandikia kuhusu chakula wala marafiki. Una miaka kumi na tisa na kichwa chako kinafanya kazi. Ninakuandikia kwa sababu unaenda Nakuru kusomea utabibu, na katika kazi hii kuna kosa nililolifanya miaka minane iliyopita nikalificha, na sasa linamuumiza Susu wako wa Kalama, mamake mamako. Ningekwambia kwa mdomo. Nimejaribu mara mbili wiki hii, na mara zote mbili nikajikuta nauliza kama chai imewekwa sukari.

Nianze na goti lako. Kovu unalijua, lakini sijui kama unakumbuka siku yenyewe. Ulikuwa na miaka saba, ukaanguka juu ya kipande cha bati nyuma ya jiko, na mamako akakuleta kazini kwangu akiwa amekubeba mgongoni mbio. Daktari wa meno hashoni magoti, na mimi hata huyo daktari kamili siye, nilisomea diploma tu, ila watu hapa humwita daktari mtu yeyote mwenye koti jeupe. Siku hiyo hapakuwa na mwingine. Nikachukua sindano ya ganzi, nikakudunga polepole pembeni mwa kidonda, huku na huku. Ukanitazama na machozi yako, ukauliza, "Baba, sindano inajuaje mahali panapouma?"

Nikakujibu, "Haijui. Baba ndiye anayejua."

Jibu hilo nililipenda sana. Nililisimulia kazini, nikalisimulia hata kanisani. Nusu yake ilikuwa kweli. Dawa ile, lignokaini, haitafuti uchungu. Inakaa pale ulipoimwaga. Mshipa wa fahamu una vijilango vidogo sana kwenye ngozi yake, na uchungu husafiri kwa vijilango hivyo kufunguka kimoja baada ya kingine, chumvi ikiingia ndani, mpaka habari ifike kichwani. Dawa inavifunga. Goti bado limepasuka, damu bado inatoka, lakini habari haifiki. Wewe mwenyewe uko macho, unaongea, unauliza maswali. Si kama ile dawa ya chumba cha upasuaji inayomlaza mtu usingizi. Baada ya saa moja au mbili damu inaiondoa dawa polepole, vijilango vinafunguka, na uchungu unarudi kama kawaida. Ndiyo maana ulilia jioni ile ukasema nimekushona vibaya.

Kwa hiyo ni dawa ya mahali padogo panapojulikana. Utaitumia kushona, kupasua jipu, kutoa kipande cha kioo kwenye unyayo. Sisi wa meno tunaitumia kila siku. Mama anayezaa kwa kupasuliwa anaweza kudungwa ya mgongoni, akafa ganzi kuanzia tumboni kwenda chini, na mtoto akilia anamsikia. Haiponyi kitu. Kuna mzee alikuwa akija kwangu kila siku ya soko akitaka nimdunge kiuno, kwa sababu alimwona jirani yake aking'olewa jino huku anasinzia. Nilimweleza mpaka nikachoka. Alipoondoka alikuwa akinung'unika kwamba dawa nzuri tunawawekea wenye meno.

Chuoni tulijifunza kwa kudungana sisi wenyewe. Nadhani siku hizi wamepunguza mambo hayo, lakini sisi tulipangwa wawili wawili, na mimi nikaangukia mikononi mwa kijana aitwaye Musyoka ambaye mikono yake ilitetemeka kuliko ya mgonjwa. Taya la juu ni rahisi. Mfupa wake una vitundu vitundu, ukidunga karibu na jino dawa inapenya. La chini mfupa wake ni mgumu, kwa hiyo unakwenda nyuma kabisa, pale mshipa unapoingia ndani ya taya, unaweka dawa hapo na kungoja upande mzima ufe ganzi. Alama yake ni mdomo wa chini. Nusu ya mdomo inakuwa nzito, unahisi imevimba ingawa kwenye kioo haijavimba. Musyoka alinidunga, akataka kuanza kunichokoa papo hapo. Mwalimu wetu akamshika bega. "Usimwulize kama yuko tayari," akamwambia. "Watu husema ndiyo. Mwulize mdomo wake unahisije." Tulingoja karibu dakika kumi. Baadaye nikaenda kula chipsi kabla ganzi haijaisha, nikatafuna mdomo wangu pamoja na chipsi, na kwa siku tatu watu waliniuliza nilipigana na nani.

Jambo lingine alilotufundisha ndilo nililokuja kulitumia vibaya. Ganzi haizimi kila kitu kwa pamoja. Uchungu hutangulia kuondoka, kisha baridi na moto, kisha kuguswa. Kusukumwa na kuvutwa hubaki mwishoni, na mara nyingi hakuondoki kabisa. Mgonjwa aliyekufa ganzi vizuri bado atahisi jino likitikiswa. Hiyo ni kweli, na unapaswa kumwambia mapema ili asishtuke. Lakini angalia jinsi inavyomsaidia daktari mvivu. Mgonjwa akisema anasikia, unamjibu kwamba ni kusukumwa tu, si uchungu. Nani atakupinga? Kinywa chake kiko wazi na mikono yako imo ndani.

Sasa nikupeleke kwenye benchi. Kile kituo nilichofanyia kazi wakati huo kilikuwa na kiti kimoja cha meno, mimi mmoja, na msaidizi wangu Kalunde. Saa moja asubuhi watu walikuwa wamefika getini. Nikisema nimdunge mmoja, ningoje, nimng'oe, ndipo nimwite wa pili, ningewarudisha nusu yao nyumbani na mashavu yao yaliyovimba. Basi nikawa nawadunga wanne kwa mfululizo, nawakalisha kwenye benchi nje ya mlango kwa ule mpangilio niliowadunga, kisha naanza kuwaita. Nikimaliza kumdunga wa nne, wa kwanza mdomo wake umeshakufa. Sikuita majina. Niliita, "Anayefuata," na benchi likasogea. Ni utaratibu mzuri, hata sasa nautetea. Niliujivunia sana. Sikuwahi kufikiria kwamba benchi lina watu, na watu wana adabu zao.

Kuhusu nthoni, ile heshima ya wakwe, nadhani hujui vya kutosha, kwa sababu ninyi mmekulia mjini na mnaona ni mchezo wa wazee. Unajua tu kwamba mimi na Susu hatuli meza moja, na kwamba nikimwona njiani ninapita kando. Ulishawahi kunicheka kwa hilo. Mimi ni mũthoni wake, nimeoa bintiye, na kwa mila yetu heshima kati yetu ni ya kutokaribiana. Simtazami usoni. Yeye hafungui kinywa mbele yangu akatafuna. Mimi ni mtu wa diploma na nimesafiri, lakini nikisikia sauti yake uani miguu yangu yenyewe inatafuta mlango wa nyuma. Sasa fikiria mtu huyo anaumwa na gego la chini, na wa meno aliye karibu na kijiji chake ni mkwewe.

Susu si mjinga. Aliuliza, akaambiwa kwamba Jumanne mimi huenda mkutano wa wilaya na kuna mwenzangu hushika nafasi yangu. Akaja Jumanne. Wiki hiyo mkutano haukuwapo.

Nilipofika kwenye mgonjwa wa nne nikamwona amejifunika leso mpaka puani, na nikamjua kwa ile leso. Yeye pia alikuwa amenijua tangu mlangoni, ila angeondokaje mbele ya watu, aseme nini? Na mimi ningesemaje? Ningeweza kumwambia Kalunde ampeleke hospitali kuu ya mjini. Sikusema. Nilimdunga huku natazama jino peke yake, haraka. Kalunde akamshika mkono akamkalisha mwisho wa benchi.

Pale kwenye benchi wa kwanza alikuwa Bwana Abdi, mfanyabiashara wa mbuzi pale sokoni, Msomali mmoja mpole sana. Wa pili alikuwa msichana wa kiwanda cha nguo huko EPZ Athi River, aliyekuwa ameomba ruhusa ya nusu siku na kila mara alitazama jua. Wa tatu mwalimu wa shule ya msingi. Mimi nikanawa mikono, nikaita, "Anayefuata."

Haya yaliyofuata Kalunde alinieleza baadaye. Bwana Abdi alisimama, akageuka, akamwona mama mzee amejikunyata. "Mama, wewe pita kwanza," akasema. "Mimi niko na nguvu, nitangoja." Yule msichana, na haraka yake yote, akasema, "Eeh, shosho apite." Mwalimu akamsaidia kusimama. Susu alijaribu kukataa, lakini nani huwakatalia watu wanaomheshimu? Wakampitisha. Walifanya vile ungefanya wewe, na vile ningekupigia kelele usipofanya.

Kwa hiyo aliyeingia kwanza ndiye niliyemdunga mwisho. Hazikuwa zimepita hata dakika tatu.

Kwa kawaida nilikuwa nachukua kile chuma chembamba, nachoma fizi kidogo, nauliza mdomo unahisije. Siku ile sikufanya. Nitamwulizaje mama mkwe mdomo wake unahisije? Nilitaka jambo moja tu, liishe. Nikachukua koleo. Nilipolikaza akashika mikono ya kiti, na akamwambia Kalunde kwa Kikamba, si mimi, ya kwamba bado. Neno moja. Nililisikia, Mwende. Wakati mwingine nimejidanganya kwamba sikulisikia vizuri, lakini nililisikia. Nikajibu nikiwa natazama ukuta, "Ni kusukumwa tu, si uchungu," nikavuta. Gego lile lilikuwa na mizizi iliyopinda, na likachukua muda. Hakupiga kelele. Sikusikia kitu chochote tena kutoka kwake, na mimi nikauhesabu ukimya huo kama ganzi.

Kisha akaingia Bwana Abdi. Nikamng'oa, naye hata hakukunja uso. Akatema, akacheka na nusu ya mdomo, akasema, "Daktari, mkono yako ni mwepesi. Sijasikia kitu." Nikamwambia bila kufikiri kwamba lazima asisikie, maana yeye nilimdunga wa kwanza. Hapo ndipo nikasimama na koleo mkononi. Nilimdunga wa kwanza, na ameingia wa pili. Nikatoka nje. Benchi lilikuwa na watu wawili. Kalunde akasema mama amekwenda zamani, ametembea na pamba mdomoni, hakutaka kukaa.

Ningemfuata. Barabara ya Kalama ni moja na yeye alikuwa kwa miguu. Nilirudi ndani nikamalizia benchi. Nilijiambia kwamba kwa heshima siwezi kumkimbilia mama mkwe njiani. Nimeyapima maneno hayo miaka minane, na ukweli ni kwamba niliona aibu, nikaifunika kwa nthoni. Mila ilinipa pa kujificha, na mimi nikaingia.

Wiki moja baadaye mamako alirudi kutoka Kalama. Usiku akanieleza alichoambiwa na Susu: "Nilisikia yote, mpaka mwisho. Lakini ningelia namna gani mbele ya mũthoni?" Mpaka leo hatujalizungumza. Nadhani yeye na Susu walidhani dawa ilikataa, kwa sababu huwa inakataa wakati mwingine.

Mimi nilibadilika kazini. Nilianza kuandika saa ya sindano kwenye kipande cha plasta na kukibandika mkononi mwa mgonjwa, hata wapishane vipi kwenye benchi. Nikaacha kusema anayefuata. Kila mmoja namgusa, namwuliza, na akisema anasikia naongeza dawa au naongeza muda. Kalunde aliniita Bwana Mdomo Wako Unahisije mpaka nilipohamishwa. Wagonjwa wengi wamefaidika na kosa lile, isipokuwa yule niliyemkosea. Yeye hakurudi hospitali yoyote. Alipojikata mguu kwa jembe alijifunga kitambaa na majani, na ndiyo sababu anachechemea. Nyumbani tukapata hadithi ya kuchekesha, kwamba Susu anaogopa sindano. Desemba iliyopita ulimtania mbele ya wajomba zako: "Susu, ngoja nimalize chuo, mimi ndio nitakudunga." Wote mkacheka, naye akacheka. Mimi nilikuwa nje na wanaume, nikasikia kupitia dirishani, na nikacheka pia. Hicho ndicho kicheko ninachokionea haya kuliko vyote.

Sasa nifike kwenye kesho. Mamako alikwenda Kalama juzi, na hukuambiwa yote ili usiende na wasiwasi. Susu amevimba shavu la kushoto. Muthokoi wake wa mahindi hawezi kuula, anakunywa uji kwa upande mmoja, na kinywa hafungui vizuri. Mamako amembembeleza, mjomba wako amemletea gari. Jibu lake ni moja: "Nitangojea Mwende amalize shule." Hiyo ni miaka mitatu. Usaha wa gego la chini hauna miaka mitatu. Unaweza kushuka shingoni ukavimba mpaka mtu ashindwe kupumua, na nimeshawahi kuona mtu akifikishwa akiwa amechelewa. Sikuandikii ili kukutisha. Ninakuandikia vile ningemwandikia mtu wa kazi hii.

Kesho ni Alhamisi, na chuo kinafungua Jumatatu. Nimemwambia mamako kwamba hutaondoka kesho kwenda Nakuru. Utaondoka kwenda Kalama. Sanduku litangoja.

Ukifika, kaa naye na umsomee barua hii kwa Kikamba, kuanzia pale kwenye benchi. Mimi siwezi kusimama mbele yake nikayasema, na hata nikiweza, ningemvunjia heshima yake kumlazimisha anisikilize kuhusu kinywa chake. Lakini mjukuu anaweza kumwambia susu wake jambo lolote. Mwambie si kweli kwamba dawa ilikataa. Mwambie haikupewa muda, na aliyeinyima muda ni mimi, na alisema bado nikamsikia. Mwambie ninaomba msamaha. Neno hilo ulisome kama lilivyo, usilipunguze.

Kisha mpeleke mjini, hospitali kuu. Wa meno wa pale ni mwanamke, si mkwe wa mtu yeyote Kalama, na nimekwisha kuongea naye. Usimwahidi Susu kwamba hatasikia chochote. Kwenye usaha nyama inakuwa na ukali fulani, na dawa ikidungwa hapo haipenyi vijilango vizuri, kwa hiyo watamdunga mbali kidogo, nyuma, palipo na afya, na pengine kwanza watamtoa usaha na kumpa dawa za kumeza, jino lingoje siku nyingine. Mweleze hayo yote kabla. Atahisi kusukumwa, mweleze na hilo. Aliteseka mara moja kwa kutoambiwa.

Mengine utafundishwa Nakuru na watu wanaojua kuliko mimi, kwa nini tunavuta sindano nyuma kidogo kabla ya kumwaga dawa, kwa nini tunapima kiasi kwa uzito wa mtu. Mimi nilitaka tu kurekebisha lile jibu nililokupa ulipokuwa na miaka saba. Nilisema sindano haijui, Baba ndiye anayejua. Baba pia hajui. Uchungu unajulikana na mwenye kuumwa, basi.

Watamkalisha kwenye benchi, kwa sababu kila hospitali ina benchi. Kaa karibu naye. Atakuja mtu mwenye adabu atake kumpisha mbele. Mshukuru, na umkatalie. Tazama saa. Dakika kumi zikipita mguse mdomo wa chini kwa ncha ya leso yake, upande wa kushoto, kisha wa kulia, na umwulize unahisije. Wewe atakujibu. Akisema bado, simama mlangoni na uwaambie walio ndani kwamba Susu wako amesema bado.

Ni mimi babako, niliyemsikia mara ya kwanza.